Karani wa Fidia

Kwa Shangazi yangu wa Amu, yaani mji wa Lamu, hakuna kitu kinachoitwa mgeni wa harusi. Ukishuka kwenye boti, kabla hujapewa maji ya kunywa, umeshapewa kazi. Binamu yangu mmoja alikuja kwa ndege kutoka Nairobi, akatua Manda na suti mpya, na saa moja baadaye alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, tai ameitupia begani. Mimi niliambiwa nikafuate mikeka Matondoni.

Nitafika Matondoni. Kwanza niseme yaliyonipata gatini, maana bila hayo mengine yote yasingetokea.

Nina tabia ya kuandika mambo madogo nikiwa safarini. Makubwa yana wenyewe. Kwamba Ngome ya Amu ilikamilika 1821, au kwamba mji mzima uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia 2001, hayo utasimuliwa na kila kijana anayekutembeza, utake usitake. Mimi huokota yale yasiyo na kibao. Kutoka Mombasa hadi Mokowe nilikuwa nimeshajaza kurasa. Abiria aliyenunua maembe dirishani pale Garsen, akagawa basi zima kwa ukarimu, kisha akapita tena kuomba moja arudishiwe kwa kuwa yeye amekosa. Kuku aliyepandia Witu ndani ya kikapu, kichwa nje, anakagua kila kituo kama mtu anayeogopa kupitishwa anakoshukia. Kijana pale Mokowe aliyekuwa akiapa kwenye simu kwamba ameshafika Amu na yuko mlangoni, afunguliwe, hali boti haijawashwa mashine na yeye mwenyewe bado anabishana nauli.

Hayo yote yalikuwa ndani ya kidaftari kidogo cha mfukoni.

Tulipofika gati la Amu, mbele yangu kwenye ngazi palikuwa na hamali aliyejitwika godoro la futi tano kwa sita. Mtu akamsalimu kutoka nyuma. Hamali mwenye adabu haitikii salamu bila kugeuka. Akageuka, na godoro likageuka naye. Wenyeji wote waliinama kwa pamoja, kwa mazoea, hata mama aliyekuwa na mtoto mgongoni. Mimi nikapigwa kiwiko, kidaftari kikaruka, kikaingia kati ya boti na ngazi.

Hamali alichungulia majini, akasikitika kwa dhati. "Pole sana. Kilikuwa na hesabu za watu?"

"Hapana. Mambo madogo madogo tu."

"Ah! Basi afadhali," akasema, akageuka kuendelea na safari yake, na godoro likamwangusha mtu mwingine kofia.

Sasa rudini kwa Shangazi. Yeye ndiye mweka hazina wa harusi, na hazina yote iko ndani ya kaunta buku moja la jalada gumu jeusi, uti mwekundu, lililochorwa mistari kwa rula: jina, kiasi, alama ya aliyekwisha kutoa. Wengine wametoa pesa, wengine vitu. Fulani 5,000. Fulani 10,000. Fulani mbuzi 2. Fulani mchele gunia moja. Ukurasa mmoja ni wa mikeka: kumi na miwili, arubuni imetolewa, baki ni kiasi kadhaa, mwenye kushona ni Bi fulani wa Matondoni. Akanipa kitabu pamoja na bahasha ya pesa.

"Akikupa mikeka, mlipe, mwandikishe hapa atie sahihi. Na mambo yako ya kuandikaandika, andika kwa nyuma, ni kweupe. Lakini hiki usikitie maji, mwanangu. Hiki kikizama na mimi nazama."

Tukaondoka na mashua ya mashine baada ya sala ya alfajiri, tukazunguka kisiwa kwa kaskazini, mikoko huku na huku. Nahodha, mtu mfupi wa maneno machache, alitupa sharti moja tu kabla ya kung'oa nanga: "Yeo bamvua. Twenda na mai, twarudi na mai. Mai yakitoka, hapana mtu wa kutoka." Kwa wasiojua, bamvua ni pale mwezi ukiandama au ukiwa mpevu: maji hujaa sana na kupwa sana. Tuliingia Matondoni kama saa moja asubuhi, chombo kikafungwa, na nilipogeuka kukitazama tena baada ya kunywa chai, kilikuwa kimelala ubavu juu ya matope, na bahari imehamia mbali. Saa nane mchana ndipo ingerudi. Yaani hata ningezushiwa nini hapo katikati, nilikuwa mtu wa hapo.

Mwenye mikeka hakuwa tayari. Miwili ilikuwa bado haijaunganishwa kili, na mmoja ulihitaji kupindwa ukingo. Akaniambia nikapumzike ufukoni, ataniletea mwenyewe.

Nikaenda zangu kwenye kivuli cha mkungu, pale vyombo vinapojengwa na kukarabatiwa. Matondoni mtoto hujua jina la kila ubao wa chombo kabla hajajua kusoma. Palikuwa na mashua moja imepandishwa magogoni, na fundi mmoja mtu mzima alikuwa anaitia kalafati. Nilimtazama kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Ana pamba iliyosokotwa uzi mnene, imelowa mafuta. Huiweka kwenye ufa kati ya ubao na ubao, anaisogeza kwa patasi butu, kisha anagonga: mbili nyepesi, moja nzito, mbili nyepesi, moja nzito. Akifika kwenye msumari hunyamaza, anapitisha kidole gumba juu ya ufa, anaburuta hadi mwisho, ndipo anaendelea. Kipande cha pamba ya akiba alikuwa amekibana nyuma ya sikio. Nikafungua kaunta buku kwa nyuma, nikaanza kuandika hayo. Hilo sikio hasa sikutaka linipotee.

Lazima nieleze nilivyokuwa nimevaa. Kila mwanamume pale alikuwa na kikoi, kandambili au miguu mitupu. Mimi suruali ndefu, shati la kola, kalamu ya pili mfukoni, na viatu vya kufunga kamba. Kanzu yangu moja nilikuwa nimeitunza kwa ajili ya harusi.

Mtoto wa chuoni akaja kusimama nyuma ya bega langu, amekumbatia juzuu yake.

"Waandika nini, kaka?"

"Naandika mambo ya watu na vyombo vyao."

Yule mtoto hakusema neno. Akaondoka mbio, kandambili moja ikabaki.

Nyundo ikanyamaza. Fundi akanitazama kwa juu ya ubao.

"Nami umeniandika?"

"Nimekuandika," nikamjibu. Ilikuwa kweli.

"Na chombo?"

"Na chombo."

"Jina umetia?"

"Jina sikutia."

Akaweka patasi chini. "Bwana we! Jina si ndilo la kwanza?" Akanitajia jina lake, la babake na la babu yake, kisha nambari ya kitambulisho kwa kichwa, bila kuvuta pumzi. Nikaandika. Mtu akikupa jina lake kwa heshima namna ile, huwezi kumwambia kwamba ulichotaka ni sikio tu.

Nilipoinua uso, walikuwa wamefika wanane. Kisha ishirini.

Hapa inafaa niwakumbushe jambo, hasa nyinyi msiokaa kwetu pwani. Bandari mpya ya Lamu iko Kililana, upande wa bara. Ujenzi wake ulizinduliwa Machi 2012, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Kuchimba njia ya meli kubwa kuliharibu sehemu walizozoea watu kuvua, na wavuvi wakaenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, wavuvi zaidi ya 4,000. Baadaye ikazungumzwa kwamba sehemu iwe taslimu na sehemu iwe vifaa. Kisha zikaja orodha. Orodha zikahakikiwa, waliohakikiwa wakahakikiwa tena. Kwa hiyo katika vijiji vya Lamu, mtu mgeni mwenye viatu vya kamba, aliyekaa ufukoni na kitabu cha jalada gumu anatazama vyombo na kuandika, hana haja ya kujitambulisha. Anajulikana.

Mimi nilikuwa sijajitambua bado.

"Sabalkheri, bwana karani," akasema mzee wa kwanza, akaniwekea mapajani mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko kulikuwa na mfuko, na ndani yake nakala ya kitambulisho. Ilikuwa nakala ya nakala ya nakala. Uso umegeuka doa jeusi tupu, kilichosalia ni kofia. Nikaitazama kofia ya kwenye karatasi, nikatazama na ya kichwani. Ndiyo ile ile.

"Ndimi huyo," akasema.

"Naona."

Nikaandika. Wa pili hakuwa na karatasi, alinishika mkono akanipeleka hadi kwenye matope, akanionyesha mbavu mbili za mti zimechomoza, kaa wanaingia na kutoka.

"Chombo changu."

"Hiki?"

"Kilikuwa. Bandari ndiyo iliyokiua."

Sauti ikatoka nyuma: "Kilikufa mvua za El Niño hicho! Tisini na saba! Bandari ilikuwa haijatungwa mimba!"

"Kilianza kuugua tisini na saba," mwenyewe akajibu, hakugeuka hata kidogo. "Kufa, kilikufa juzi."

Ukazuka mjadala mkubwa kuhusu siku ya kufa kwa chombo, kama ni siku kilipoacha kuelea au siku mwenyewe alipokata tamaa nacho. Ninakiri sijapata kusikia hoja nzuri kama zile, na mtu wa El Niño alikuwa anashinda hadi akaulizwa chombo chake yeye kiko wapi, akanyamaza.

Nikaona nijitoe. "Jamani, nisikilizeni. Mimi nimefuata mikeka."

Wakacheka wote, kicheko cha watu waliokwisha kuona mengi. Mama mmoja akanipigapiga begani. "Sawa baba. Yule wa kabla yako alisema amefuata kaa."

Hapo akajitokeza kijana aliyemaliza kidato cha nne, akajiteua msaidizi wangu. Hakuniuliza. Akapanga watu: wa nyavu huku, wa madema kule, wa mshipi wakae chini wangoje, kina mama wachuuzi wa samaki upande wa kivuli kwa sababu wana watoto. Kwa dakika chache foleni ikanyooka kuliko foleni yoyote niliyopata kuiona Mombasa, na mimi nikiwa kichwani mwake, nimefunguliwa ukurasa safi, kalamu imeshikwa na mtu mwingine ili wino usikauke. Aliye nje ya zamu alikuwa akirudishwa kwa macho tu.

"Msaidizi," nikamnong'oneza, "waambie mimi si karani."

"Nimewaambia, mkubwa. Nimewaambia hutaki ijulikane."

Basi ndipo akatokea mwenye mikeka.

Alikuja na punda, mikeka imekunjwa na kufungwa kwa kamba ya miaa, kumi na miwili kamili, mizuri ajabu, rangi ya zambarau na kijani. Akaishusha mbele yangu. Na mimi kwa kuwa niliona hapa ndipo ukweli utakapojidhihirisha wenyewe, nikasema kwa sauti ya juu, wote wasikie: "Alhamdulillahi, Bi, mikeka yangu hii! Chukua pesa zako." Nikatoa bahasha. Nikahesabu noti mkononi mwake moja moja. Nikafungua kitabu, nikaandika kiasi, nikampa kalamu, akatia sahihi.

Ufuko mzima ukanyamaza. Hata punda.

Kisha mtu akasema polepole, kwa sauti ya kuamini baada ya miaka mingi: "Analipa."

Foleni niliyoisifu ikavunjika hapo hapo. Wa mshipi waliokaa chini wakasimama. Mtu aliyekuwa juu ya mnazi akaanza kushuka. Vijana wawili waliokuwa wanakwenda zao wakarudi wakidai wao ni wavuvi tangu tumboni. Na mume wa mwenye mikeka, ambaye sikujua kama yupo, akatokea kumuuliza mkewe mbele za watu alikuwa anavua lini na nani.

Ndipo upepo nao ukaona usibaki nyuma. Ukalipiga lile kaunta buku, ukalifunua kurasa mpaka za mbele.

Msaidizi wangu akainama. Akasoma. Kidole chake kilikwenda chini taratibu, kikasimama.

"Huyu ameandikwa elfu kumi?"

"Nani?" wakauliza.

Akataja jina. Alikuwa ndugu wa upande wa bwana harusi, mfanyabiashara wa Amu anayejulikana na kila mtu. Zikapanda kelele.

"Huyo? Huyo aogopa hata mai ya ndoo!"

"Samaki amwona kwenye sahani!"

"Na amewekewa alama ya vema," msaidizi akaongeza, "ina maana imeshatoka. Na huyu... mbuzi wawili."

"Mbuzi?" Mzee wa kofia akasogea mbele, amejeruhiwa kweli kweli. "Mimi nimepoteza nyavu na madema, nikaambiwa vifaa vitakuja. Kumbe vifaa vyenyewe ndio mbuzi? Na sisi wa huku mbuzi wetu wako wapi, bwana karani?"

"Hao ni mbuzi wa harusi!" nikapiga kelele. "Kitabu hiki ni cha mchango wa harusi! Hao wametoa, hawakupewa! Harusi ni kesho kutwa, Langoni, kwa shangazi yangu!"

Nilitaja mtaa, nikataja na nyumba, nikaeleza hadi mlango, kwa kudhani mtu mwenye ushahidi mwingi ndiye anayeaminika. Wakasikiliza kwa makini mno. Wengine wakatikisa kichwa. Niliona mmoja anamrudia mwenzake ile anwani, kusudi asiisahau.

Aliyeniokoa ni mzee wa kijiji. Alifika na bakora yake, akasalimu, akawatawanya watu kwa neno moja, akanichukua nyumbani kwake nikale. Ukishaletewa wali wa nazi na changu wa kupaka, na mwenye nyumba mwenyewe anakunawisha mikono, huna ubavu wa kuanza kujieleza. Nikala. Yeye akala kidogo, kwa adabu ya mtu anayengoja kuuliza.

"Serikali haijambo?" akauliza hatimaye.

Nikamwambia haijambo. Sikuwa na habari zake nyingine.

"Na Nairobi?"

"Mimi natoka Mombasa, ami."

"Ehe. Wameileta Mombasa sasa." Akaliweka hilo akilini. "Sisi hatuna haraka, mwanangu. Tumengoja. Ila usiwasahau wenye kuvua kwa mguu, wa pweza na wa kaa. Kila orodha huanza na wenye mashine, wao husahauliwa."

Nikaanza tena habari ya mikeka, ya Shangazi, ya kidaftari kilichozama gatini. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikata, akipangusa vidole. Kisha akainua kinywa cha buli kunimiminia kahawa.

"Nimekufahamu," akasema. "Si jambo la kusema mbele za watu. Kesho kutwa, Langoni, siyo?"

"Ndiyo, lakini hiyo ni harusi, ami."

"Harusi," akakubali, akanitazama kwa heshima mpya. "Naam. Pazuri. Hapana atakayeshuku."

Saa nane kasoro bahari ikarudi. Sijawahi kuyapenda maji namna ile. Watu walinisindikiza hadi ukingoni, mikeka wakanipakilia wao, mtu akanipa kikapu cha maembe na mwingine pweza mbichi aliyefungwa kwa ukuti. Msaidizi wangu akanirudishia kitabu, na nilipokifungua nikaona kurasa tatu zimejaa majina, nambari za vitambulisho na za simu, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Nilipokuwa nakula, ofisi ilikuwa imeendelea. Safu ya kiasi ilikuwa tupu toka juu hadi chini.

Nikajitupa kwenye mashua. "Twende, nahodha."

Nahodha hakugusa mashine. Alikuwa amekaa kwenye usukani, anatazama mbele.

"Nimo?" akauliza.

"Nahodha, wewe wajua mimi nimefuata mikeka. Umenileta mwenyewe!"

"Nimo au simo?"

Maji yalikuwa yanasukuma chombo taratibu, na watu wote ufukoni wanatungoja. Nikatoa kalamu.

Amu, Shangazi alihesabu mikeka mara mbili, akaisifu, akakagua kitabu kama kimelowa. Akafika kwenye zile kurasa tatu. "Na hawa?"

"Watu wa Matondoni, Shangazi. Ni hadithi ndefu, wao walidhani..."

"Wote hawa wamejiandikisha? Na nambari za simu?" Uso ukamnawiri. "Na watu husema watu wa mashamba hawana moyo!" Nikafungua kinywa, jikoni wakamwita kwa habari ya mchele, na tangu saa ile hadi siku ya harusi hakuna mtu aliyeweza kumpata Shangazi kwa sentensi nzima.

Siku ya harusi mashua mbili zilifunga gatini kabla ya adhuhuri. Walikuja wamependeza: kanzu zimepigwa pasi, kofia safi, udi unanukia toka mbali, kila mmoja na mfuko wake wa plastiki kwapani. Mzee wa kijiji mbele na bakora, msaidizi wangu pembeni, kalamu tatu mfukoni. Nahodha naye alikuwamo, amevaa viatu. Vya kamba.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye daka la nyumba, buibui limefungwa vizuri, kitabu mapajani, anapokea watu. Mimi nilisimama nyuma yake nikishika sinia ya halwa, sina pa kukimbilia, uchochoro wote umejaa wao.

Wa kwanza akawa yule mzee wa kofia. Akataja jina lake hadi kwa babu. Shangazi akalipata.

"Umo. Lakini kiasi hakikuandikwa hapa."

"Kiasi mwaandika nyinyi," mzee akasema kwa upole.

"La, baba, sisi hatumkadirii mtu. Kila mmoja na alichojaaliwa."

Mzee akafikiri. "Mimi nimepoteza mengi, Bi. Nyavu. Madema. Chombo nusu."

"Pole sana, baba. Mungu atakupa badala yake. Basi hata kidogo tu, neno ni kuwa umeshiriki."

Mzee akaninyanyulia macho. Mimi nikatazama boriti za dari, nikazihesabu. Akamtazama Shangazi tena, akatazama kitabu na kalamu iliyokwisha kuinuliwa, na nikaona usoni mwake amefahamu. Lugha ile alishaisikia kwenye madirisha mengine. Akashusha pumzi, akapenyeza mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa noti ya mia mbili iliyokunjwa mara nne, akainama hadi kofia ikakaribia ushungi wa Shangazi.

"Haya," akanong'ona. "Hii ya kusukuma faili."

Shangazi, ambaye sikio la upande ule halisikii vizuri, akaikunjua, akaandika 200, akatia alama ya vema, akageuza kichwa kuelekea ndani.

"Sinia moja ya watu wanne! Na mwite wa pili!"